Doa Kila Sentimita Sitini na Tatu

Mama mkubwa wangu alikagua vitambaa kiwandani kwa miaka ishirini na sita. Tulimwita Mama Tepu, maana tepu ya kupimia haikumtoka shingoni, hata kwenye picha za harusi ya bintiye.

Aliishia darasa la saba, lakini alikuwa na hesabu zake. Mtoto akishikwa na homa, aliandika kwa chaki nyuma ya mlango saa ilipopanda na saa iliposhuka. Mumewe akinuna, alitazama kalenda. "Huyu hununa kila Jumapili jioni," alituambia. "Si sisi, ni Jumatatu."

Nilipomaliza shule aliniombea kibarua cha kupangusa mashine. Wiki ya pili, jora jeupe likatoka na madoa ya mafuta. Msimamizi akanisimamisha mbele ya wote.

"Mikono yako hiyo! Kesho usije."

Mikono yangu kweli ilikuwa na mafuta.

Mama mkubwa hakunitetea. Alitandaza jora sakafuni, akapiga magoti, akavuta tepu. Kutoka doa hadi doa, sentimita sitini na tatu. Tena sitini na tatu. Mara ya nne akainua kichwa.

"Bosi, umewahi kumwona binti wa miaka kumi na tisa mwenye nidhamu kiasi hiki?"

Watu wakaangua kicheko.

"Unataka kusema nini, mama?"

"Kinachorudi kwa hatua sawasawa kinazunguka mahali. Zima mashine."

Akaanza kuzungushia tepu kwenye rola zinazopitisha kitambaa, moja baada ya nyingine. Arobaini na saba. Themanini. Sitini na tatu. Msimamizi akapitisha kidole kwenye hiyo ya tatu, kikatoka cheusi: ufa mwembamba kama unywele ulikuwa ukivuja mafuta.

"Haya, mwambie mtoto."

"Nimwambie nini?"

"Bosi, usinichoshe."

Akakohoa. "Pole, binti. Kesho njoo."

Miaka miwili baadaye, chuoni, mhadhiri alichora duara na kutufundisha kutafuta mzingo wake. Wenzangu walilalamika kwamba hesabu hizo hazina kazi duniani. Mimi niliandika polepole, machozi yakinilengalenga.

Siku ile ya madoa, tukirudi nyumbani, nilimshukuru mama mkubwa kwa kuniokoa.

"Nimekuokoa wapi?" alisema. "Ningekuta ni wewe, ningesema ni wewe."

Wakati ule maneno hayo yaliniuma. Sasa hayupo, na ndiyo ninayomshukuru kwayo zaidi.