Binti wa Mashine Ndani ya Maktaba

Ukimkuta kaunta ya maktaba leo, huwezi kuamini kwamba chuoni walimwita Honi. Anavaa viatu vya soli ya mpira. Droo anaisindikiza kwa kiganja mpaka ifunge, isije ikagonga. Msomaji akimuuliza jambo, anainama kidogo na kumjibu kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Waliosoma naye wakipita mjini huja kumchungulia dirishani ili wahakikishe kwa macho yao, kisha huondoka wakicheka.

Jina lile alilipata kwa haki. Kwao ni kwenye mashine ya kusaga: banda refu la bati, injini ya dizeli upande mmoja, kinu upande wa pili, na katikati mkanda mpana unaozunguka kutwa. Familia iliishi nyuma ya ukuta wa banda hilohilo. Baba alisimamia kinu, mama alipokea magunia na madebe mlangoni, kaka yake alibeba. Yeye alizaliwa injini ikiwaka. Mama yake husimulia kwamba siku dizeli ilipowaishia, mtoto akiwa bado mchanga, ndiyo siku aliyolia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Nyumba ya namna hiyo haina sauti ya chini. "Kwetu," anasema, "ukiomba chumvi kwa adabu, utakula bila chumvi." Hata jioni injini ikizimwa, waliendelea kusemezana mezani kama watu waliosimama pande mbili za barabara kuu. Mpita njia angedhani wanagombania mirathi, kumbe wanaulizana nani amefunga banda la kuku. Na kinu kikishika kasi, hata kupiga kelele hakukusaidia. Hapo walizungumza kwa mikono. Kutoka kwenye mkanda hadi mlangoni, baba na mama waliweza kujadili mteja mzima, tabia yake, haraka yake na gunia lake, mteja mwenyewe akiwa amesimama katikati bila habari.

Ilifika mahali shule ikamshuku ana tatizo la masikio. Daktari akampima, akaona hana kasoro yoyote. "Huyu anasikia vizuri sana," alimwambia mama. "Nawaonea huruma watakaomsikia yeye."

Mapenzi ya maktaba yalimwingia akiwa darasa la nne, mwalimu alipowapeleka kutembelea maktaba ya mji. Alikaa na kitabu chake, mlango ukafungwa, na ghafla akasikia kitu kinagonga ndani ya masikio. Akanyoosha mkono, akasema anaumwa. Mwalimu akamshika paji la uso, akamsikiliza, akatabasamu.

"Huo ni moyo wako, mama. Hujawahi kuusikia?"

Hakuwahi. Alirudi nyumbani akiwa ameshaamua: atafanya kazi mahali ambapo mtu anaweza kuusikia moyo wake. Wazo hilo halikumtoka hata alipokua, na alipochaguliwa kwenda chuo kusomea ukutubi, alitangaza mezani. Baba aliacha kutafuna.

"Yaani," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kituo cha basi, "watakulipa kwa kunyamaza?"

"Basi huyu atakufa maskini!" akadakia kaka.

"Mwacheni mtoto!" akapiga kelele mama. "Nyumba hii angalau mmoja anyamaze!"

Hivyo ndivyo alivyoagwa.

Chuoni alipangiwa chumba na msichana mpole wa masomo ya uhasibu, mtu wa kuvuta blanketi mapema. Jioni ya kwanza Honi aliwapigia simu wazazi kuwaambia amefika salama. Alipomaliza, alimkuta mwenzake amekaa kitandani, mto umefunika masikio yote mawili.

"Dada," mwenzake akamwambia taratibu, "ukitaka kuongea na mama yako, hiyo simu ya nini? Fungua dirisha tu."

Kesho yake bweni zima lilijua kwamba kuku wa kwao amejificha kuatamia chini ya mashine, kwamba kaka yake ametegua bega, na kwamba mama amemkumbusha kuvaa soksi. Ndipo jina likazaliwa. Maktabani kulikuwa kubaya zaidi. Siku ya kwanza alimwinamia mwanafunzi mmoja, akakusanya unyenyekevu wake wote na kunong'ona: "Samahani, kiti hiki kina mtu?" Kutoka mwisho kabisa wa chumba, meza ya ukutani, kijana asiyemfahamu akamjibu: "Hakina, kaa!"

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha, na yeye mwenyewe alicheka kuliko wengine. Kicheko kiliisha mwaka wa mwisho, alipoanza mafunzo kwa vitendo. Alipangwa kwenye chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo, chini ya mkutubi mkuu ambaye wanafunzi walimwita Mama Kimya. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani ya mnyororo. Watu walimsifu kwamba aliweza kumnyamazisha mtu aliye uani kwa kutoa "shhh" moja tu. Bila neno lake zuri hakuna aliyefaulu mafunzo, na asiyefaulu mafunzo hakuhitimu.

Wiki ya mwisho, Mama Kimya alimwita nyuma ya rafu za kamusi.

"Binti, kazi unaijua. Rafu zako zimepangika kuliko za wenzako wote. Lakini jana kijana alikuuliza choo kiko wapi, na sasa chumba kizima kinajua kwamba alikuwa na haraka."

"Nisamehe, mama. Nilinong'ona."

"Ndiko kunong'ona kule?"

"Ndiyo, mama."

Mama Kimya akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Mhadhiri wako anakuja Ijumaa kukukagua. Atakaa pale, kiti cha dirishani. Akikusikia kutoka pale, sitakutetea. Nitamwambia umeshindwa. Siwezi kupeleka honi kwenye maktaba za watu."

Honi alirudi bwenini, na mazoezi yakaanza. Alijaribu kuongea akiwa na peremende chini ya ulimi. Alijaribu kuongea huku akivuta pumzi badala ya kuitoa, akapaliwa. Mwenzake wa chumba, ambaye sasa walikuwa kama ndugu, alisimama kwenye korido na kuwa mkaguzi.

"Nimekusikia!"

"Na sasa?"

"Nimekusikia. Na jirani kakusikia."

Ukuta ukagongwa kuthibitisha.

Ijumaa ikafika, naye akachagua njia aliyoona ni salama: hatafungua mdomo. Chumba kilikuwa kimejaa kwa sababu mitihani ilikuwa mlangoni. Mhadhiri, mzee mfupi mwenye koti lililobana, alikaa dirishani na kalamu yake. Mama Kimya alisimama kando ya rafu, mikono nyuma. Msomaji alipofika kaunta, Honi alitikisa kichwa, akanyoosha kidole, akatabasamu. Mmoja alimuuliza swali refu kuhusu vitabu vya sheria, akajibiwa kwa tabasamu refu vilevile, akaondoka akimtazama kwa wasiwasi. Mhadhiri aliandika kitu. Mkutubi asiyejibu naye hafai, na Honi alilijua hilo. Alianza kuhisi chuo kizima kinamponyoka vidoleni, na bado kulikuwa na asubuhi nzima mbele.

Hapo mlango ukafunguliwa. Alikuwa baba yake.

Nyuma yake alikuwa kaka, mkanda mpya wa mashine umekunjwa begani kama chatu aliyelala. Walikuwa wamekuja mjini kuununua, wakaona si vizuri kupita bila kumsalimia mtoto. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zao. Baba alitazama huku na huku, akamwona bintiye upande wa pili wa chumba, na uso ukamfunguka. Kifua kikaanza kupanda.

"Kifua cha baba nakijua," anasema. "Kikipanda vile, bati hutikisika."

Hakuwa na muda wa kufikiri. Mkono uliinuka wenyewe: kiganja kikafunika sikio, kikazungushwa mara mbili. Kwao maana yake ni moja. Injini imewaka, ongea kwa mikono.

Baba akafunga mdomo palepale, pumzi yote ikiwa bado ndani. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kubishana na ishara ile. Akaishusha pumzi polepole kwa pua, kisha akaanza kuitafuta injini. Alichungulia nyuma ya mlango. Kaka akatazama dari. Baba akageuza viganja juu: iko wapi?

Honi akaonyesha vichwa vilivyoinamia vitabu, safu kwa safu. Ndio hawa.

Baba akaviangalia, akakubali kwa heshima, kama fundi anavyoikubali mashine ya mwenzake. Honi akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa: shikamoo. Baba akainua vidole viwili: marahaba. Kisha mikono ikafunguka. Mkanda wa zamani umekatika. Mama hajambo, ila ana hasira kwa sababu ya mkanda. Kaka akajivuta mashavu kwa ndani: mbona umekonda hivyo? Honi akampimia tumbo lake kwa mikono miwili: wewe je, gunia hilo ni la nani? Baba akatupa jicho kwa Mama Kimya, akasugua dole gumba kwenye vidole viwili na kukunja pua. Honi akajiuma mdomo asicheke.

Hakuna kichwa kilichoinuka. Nusu ya habari za nyumbani ilikuwa imepita juu ya meza zile, na kilichosikika ni karatasi zinazofunuliwa.

Msichana wa meza ya mbali aliinua mkono. Alikuwa anasubiri kitabu kilichokuwa kwa mwingine. Mikono ya Honi ilikuwa imeshapata moto, ikamjibu kabla yeye mwenyewe hajajua: kiganja chini, kikipapasa hewa mara mbili. Tulia, zamu yako inakuja, kama anavyoambiwa mwenye debe mlangoni. Msichana akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye daftari lake. Kijana mmoja aliinua kitabu akiuliza akirudishe wapi. Ngumi juu ya ngumi, kisha kidole kwenye pembe ya kaunta: panga juu ya vingine, pale. Akapanga. Wa vitabu vya sheria naye alirudi kujaribu bahati yake, akaelekezwa rafu, ghorofa na upande kwa mikono bila mmoja wao kufungua mdomo. Mhadhiri aliacha kuandika, akakaa anatazama kama mtu aliye kwenye mpira.

Alipoinuka, alimnong'oneza Mama Kimya jambo, akatoka. Mama Kimya akamwita Honi nyuma ya rafu za kamusi.

"Anauliza kwa nini hatukuambiwa."

"Kuhusu nini, mama?" Safari hii sauti ilitoka ndogo, kwa hofu.

"Kwamba unajua kuongea hivyo."

Honi akashangaa. "Ile ni ya kwenye kelele, mama. Sikudhani inafaa kwenye kimya."

Mama Kimya akafikiri. "Mimi nimekuwa nikisema 'shhh' humu tangu nikiwa binti kama wewe. Leo ndiyo nimejisikia. Ile nayo ni kelele."

"Tunajua, mama."

"Mnajua?"

"Wanafunzi wote, mama."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi kuvisikia chumbani mle, na moyo wake ukaanza kugonga masikioni kama siku ile ya darasa la nne.

"Umefaulu," akasema Mama Kimya. "Jumatatu utanifundisha hizo za subiri na panga pale. Sasa niambie. Yule mzee wako alinitazama, akafanya hivi." Akasugua dole gumba kwenye vidole viwili, vizuri kabisa, hata pua akaikunja. "Alisema nini?"

Honi alitamani kudanganya, lakini hakupata uongo wa karibu.

"Alisema unga huu bado unakwaruza, mama. Urudishwe kinuni."

Mama Kimya akageuka, akamtazama baba aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anawalinda wasomaji kama mali yake.

"Mwambie kinu chake hakiniwezi."

Honi akautuma ujumbe juu ya vichwa vya wasomaji. Baba alicheka mabega yakitikisika na mdomo umefungwa, kama watu wanavyocheka karibu na mkanda, kisha akamwinamia Mama Kimya kwa heshima zote.

Walipofika nje kwenye ngazi, Honi aliwaambia amefaulu. Baba hakuweza kuvumilia tena. Alipanua kifua, pumzi ya asubuhi nzima ikatoka.

"MWANANGU! MAMA YAKO AKISIKIA..."

Dirisha la juu likafunguliwa. Mama Kimya alitoa kichwa nje, akaweka kiganja sikioni, akakizungusha mara mbili.

Baba alikatika katikati ya neno. Habari iliyobaki akaimalizia kwa mikono, huku wakielekea getini na kaka akiwafuata na mkanda begani: mama amesema uje nyumbani. Siku utakayokuja tutazima injini kutwa, upumzike na kimya chako ulichosomea.

Honi alisimama, akainua kidole kimoja na kukizungusha hewani. Iwasheni. Bila injini, kule nyumbani hawezi kupumzika.