Kredo ya Saa Mbili Asubuhi

Kila siku saa mbili asubuhi simu ya mama ililia mara moja, na mama akatabasamu. Hakuweza kusoma ujumbe bila miwani, lakini hakuwa na haja ya kusoma. Alijua ni kredo ya shilingi ishirini, salio la kupigia simu, na alijua imetoka kwa nani. "Mtoto wangu amenikumbuka," alisema, kila siku maneno yale yale, na kila siku kwa mshangao ule ule. Saa hiyo mimi nilikuwa nimeshakamua, nimepeleka maziwa barabarani, nimembadilisha mama nguo na shuka, na nimekaa kando ya kitanda nikimlisha uji kwa kijiko. Mtoto aliyemkumbuka hakuwa mimi. Alikuwa mdogo wangu, anayekaa Nakuru mjini.

Niseme mapema nisije nikaonekana mwema: nilimwonea wivu. Si ule wivu wa mzaha ambao ndugu hutaniana nao. Ulikuwa wivu wa kumfanya mtu mzima aweke sufuria juu ya jiko kwa kishindo ili mgonjwa aliye chumba cha pili asikie.

Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, kikampooza upande mzima wa kushoto. Tunakaa karibu na Njoro, kwenye kipande cha lile shamba la mzungu ambalo babu na wenzake walichanga wakanunua, wakagawana. Tuna ng'ombe wawili na viazi kidogo. Mimi nilikuwa nimeachana na mume wangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo ikaamuliwa, bila kikao chochote, kwamba mimi ndiye niko huru. Mdogo wangu ana kazi ya ofisi na ana mume. Mimi nilikuwa na begi mbili na cherehani.

Kabla ya kuugua, mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwetu. Hapakuwa na harusi wala matanga yaliyopangwa bila yeye. Alipolala kitandani, simu ndiyo ikawa kanisa lake. Alimpigia huyu kumuuliza mguu, akampigia yule kumuuliza kamati imefika wapi, na mambo yote hayo yalitegemea ile kredo ya ishirini. Ikichelewa, alikaa akiitazama simu kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Uji ukichelewa, aliniambia tu kwamba uji umechelewa.

Na kredo yenyewe haikununuliwa hata! Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mdogo wangu alikuwa na app kwenye simu. Akiamka anaifungua, anabonyeza mahali pa kuonyesha kwamba amefika, kama mwanafunzi anayeitikia jina darasani, kisha anajibu maswali mawili matatu kuhusu sabuni au mafuta ya kupikia. Anapewa pointi. Pointi zikitosha anazigeuza kredo, anaandika namba ya mama, basi. Dakika tano, akiwa bado ndani ya blanketi. Haba na haba hujaza kibaba, aliniambia, akicheka. Mimi kumgeuza mama peke yake kulinichukua zaidi ya hizo dakika tano, na hakuna simu iliyolia.

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Aliyesema hivyo hakuwahi kuishi na mama yangu. Kwetu asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na kila kitu. Jumapili mchana akina mama wa kanisani walikuja kumwombea, na kabla ya maombi mama aliwasimulia habari ya kredo. Mmoja wao, chai yangu mkononi, mandazi yangu mdomoni, akasema, "Kweli umebarikiwa na huyo msichana wa town." Nilimwongezea chai. Ningeweza kumwongezea juu ya mapaja.

Siku moja mdogo wangu alipita nyumbani akitoka Naivasha kwa semina, akaleta nyama choma ya Kikopey, pale kwenye vibanda vya njiani, imefungwa kwa karatasi. Mama hawezi kutafuna nyama ya namna ile. Niliikatakata vipande vidogo kama vya mtoto, nikaichemsha tena kwa supu, nikamlisha. Kwa wiki nzima kila aliyeingia aliambiwa, "Nimekula nyama ya Kikopey, msichana wangu aliniletea." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji nilikuwa mimi, na sikupona.

Basi nikaamua na mimi nitatuma. Nilitaka jambo moja tu, na ninaona aibu kuliandika kwa umri wangu: nilitaka simu ilie, mama atabasamu, aulize ni nani, na mimi nijibu, "Ni mimi." Nikaiweka ile app kwenye simu yangu bila kumwambia mtu. Kila asubuhi, mikono bado ikinuka maziwa, nilibonyeza kwamba nimefika, nikaanza maswali.

Hapo ndipo nilipoonyesha nimezaliwa wapi. Huku kwetu mtu akija na fomu na kalamu, huwa kuna kitu kinagawanywa, na anayepewa ni asiye na kitu. Ikiwa ni fomu ya mbolea ya serikali, shamba linapungua. Ikiwa ni ya basari ya karo ya shule, baba mwenye duka anakuwa kibarua. Nakumbuka nikiwa mdogo, wageni wenye fomu walionekana barabarani, na mama akatuambia tumpeleke ng'ombe kwa jirani haraka. Ng'ombe alikaa huko mpaka wageni wakaondoka, na tukapata gunia la mahindi ya msaada. Hakuna aliyeona ni uongo. Ilikuwa adabu ya fomu.

Kwa hiyo app iliponiuliza kama nina friji, nikasema sina. Gari? Sina. Redio, nikasema sina, na redio ilikuwa inaongea hapo hapo dirishani. Sabuni ya unga nanunua mara ngapi kwa mwezi? Sinunui. Nani anaamua mambo ya matumizi nyumbani? Hakuna matumizi. Nilijishusha mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Na kila mara, swali la tatu au la nne, maandishi yakatokea: asante kwa muda wako, kwa bahati mbaya hufai kwa utafiti huu. Nikadhani sijawa maskini wa kutosha. Kesho yake nikaondoa hata umeme.

Wiki tatu nilifukuzwa hivyo. Nilipata tu zile pointi mbili za kubonyeza nimefika, na hata ukizijumlisha zote hazikufika kredo ya shilingi tano. Mtu kuambiwa hafai, tena asubuhi, tena na simu yake mwenyewe, si jambo dogo. Nilikuwa nikitoka hapo naenda kwa mama na uso umevimba, na saa mbili ikigonga, simu yake inalia.

Mwishowe nilimeza kiburi. Mdogo wangu alikuja Jumamosi moja, tukawa jikoni mimi na yeye, nikamwonyesha simu yangu. Alisoma majibu niliyoyatoa siku hiyo, akacheka mpaka akashika meza.

"Siz! Umesema huna hata sabuni?"

"Si nilidhani wanasaidia watu."

"Wasaidie nani? Hawa wanatafuta mtu wa kuuzia vitu. Sema uko na friji. Sema uko na gari, hata mbili. Mimi huko ndani ni mwanaume wa miaka arobaini, niko na gari na ninakunywa pombe ya bei."

Nilicheka pia, sitakataa. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu mama aanguke. Halafu, bado akifuta machozi, akasema, "Lakini iliyonilipa poa kabisa ilikuwa ya watu wanaotunza wazazi. Hiyo nilisema ukweli tu. Nilisema naishi na mum, namwogesha, nampeleka kliniki. Unakumbuka nikikupigia nikuulize anameza dawa ngapi na analala saa ngapi? Walikuwa wananiuliza hizo."

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nimesimama zizini, na nilipokata simu nilikuwa nimefurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza aniulize mama analalaje. Nilimsimulia kila kitu siku ile. Nilimwambia hata jinsi ninavyomwekea mto chini ya goti.

"Kwa hivyo umelipwa kwa kazi yangu," nikasema.

"Siz, hiyo kredo si ilienda kwa mum?"

Alikuwa sawa, ilikwenda kwa mama, na mama akamshukuru, na mimi ndiye niliyemshikia simu akimshukuru. Nikamimina chai. Nikamsukumia kikombe chake, naye akanitazama, akaacha kucheka. Aliondoka mapema siku hiyo.

Haikupita mwezi, fomu hiyo ya wanaotunza wazazi ikanijia na mimi. Swali la kwanza: je, nyumbani kwako kuna mtu mzima unayemhudumia kwa sababu ya ugonjwa au uzee? Nikabonyeza ndiyo, nikangoja kufukuzwa. Sikufukuzwa. Kwa mara ya kwanza mlango ukafunguka, swali baada ya swali, nami nikajibu yote nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Unaamka saa ngapi? Unamwinua mwenyewe? Umeacha kazi kwa ajili yake? Katika mwezi uliopita, umewahi kumkasirikia? Hapo palikuwa na visanduku vinne vya kuchagua, nikachagua cha mara nyingi. Je, kuna ndugu mwingine anayesaidia? Nikaandika hakuna. Nilikaa nikilitazama hilo neno. Nilijua kuna shilingi ishirini kila asubuhi, na nilijua ishirini hizo zinamfanyia mama kitu ambacho uji wangu haujawahi kumfanyia. Nikaliacha neno lilivyo, na nilisikia raha.

Nilipewa pointi za kredo ya shilingi hamsini. Sikuzitumia siku hiyo. Nilingoja asubuhi, kwa sababu nilitaka iingie saa zile zile mama anapongoja. Nilimwogesha vizuri, nikampaka mafuta, nikamfunga kitambaa chake cha kanisani. Saa mbili simu ikalia: ishirini za mdogo wangu. Mama akatabasamu, akasema maneno yake. Nikaenda jikoni, nikaandika namba yake kwenye app, nikabonyeza, nikarudi nikiwa nimeshika kijiko kana kwamba nilikuwa nimekifuata hicho.

Simu ikalia tena.

"Hiyo nini tena?" mama akauliza. "Hebu niangalilie iko ngapi."

Nilitazama salio, nikamsomea kwa sauti. Sabini.

"Sabini! Ametuma mara mbili!" Uso wake wote ukafunguka, hata ule upande ambao hausogei nilidhani umesogea. "Huyu mtoto, jamani. Huyu mtoto Mungu alinipea. Nipigie, nimwambie asante."

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, ni mawili tu. Lakini alikuwa anafurahi vile, na niliona kwamba nikiyasema itabidi aipunguze hiyo furaha kidogo ili inienee mimi, na nikaogopa kuona imepungua kiasi gani. Nikapiga namba ya mdogo wangu, nikaweka sauti ya juu, nikaishika simu karibu na sikio lake zima.

"Mum! Umeamkaje?"

"Nimeamka na baraka zako, mama yangu. Ishirini na tena hamsini! Mungu akuongezee pale ulipotoa."

Mdogo wangu si mjinga. Yeye ndiye aliyenifundisha app ile, na alijua ni nani mwingine duniani anayeweza kumtumia mama kredo saa mbili asubuhi. Nilingoja. Niliitazama simu kwa nguvu, nikimwomba aseme, nikimwomba pia asiseme, kwa maana akisema atakuwa mwema zaidi yangu, na hilo nisingeliweza.

"Aki ni kidogo tu, mum," akasema.

Mama akaongea. Alimweleza mguu, akamweleza ndama, akamweleza mambo ya kanisani ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Alicheka kicheko ambacho nilidhani kiharusi kilikwenda nacho. Alisema, mimi nikiwa hapo, "Huyu dada yako amekuwa na hasira siku hizi, sijui ni nini." Mkono wangu ulikufa ganzi, nikabadilisha mkono. Wivu ulinipanda mpaka nikasikia machozi puani, na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

Kredo iliisha mama akiwa katikati ya neno. Simu ikalia tuu, ikanyamaza. Akasikiliza kidogo, kisha akanigeuzia macho.

"Amesema kwaheri?"

"Amesema," nikamjibu. "Amesema atatuma tena kesho."

Nikaiweka simu kwenye chaji, nikapitisha mikono yangu chini ya mabega yake, nikamgeuza upande wa pili.