Maji Yanayotembea

Kwi-chwa, kwi-chwa. Lilikuwa bomba la kupulizia dawa, mgongoni mwa baba, asubuhi, kwetu Uru. Hadi leo nikifumba macho nalisikia likishuka kati ya nyanya.

Pale zamani palikuwa na kahawa. Bei ilipoanguka, baba aling'oa mibuni ya chini, akapanda nyanya hadi ukingoni mwa mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji kutoka mlimani. Kahawa ilitaka dawa mara chache. Nyanya zilitaka kila wiki. Mimi nilifurahi tu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naota kibanda changu sokoni Kiboriloni, mafungu ya nyanya yamepangwa, wateja wananiita mama hata sijaolewa.

Kazi yangu ilikuwa kusuuza bomba. Nililisuuza mfongoni. Maji yaligeuka meupe kama maziwa, hatua chache mbele yakawa safi, nami nikaridhika. Kwetu tulisema maji yanayotembea hujiosha yenyewe.

Chini yetu aliishi bibi mjane. Alikuwa na ndama mmoja jike, akimtania kwa kumwita mkamwana, maana hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumletea mkwe. Jioni moja nilimkuta ndama amelala, udenda unamtoka, miguu inatetemeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkamwana amesusa leo. Labda kala majani mabaya."

"Amekunywa wapi?"

"Mfongoni. Ulitaka nimpeleke hotelini?"

Sikuweza kucheka. Kulipokucha tulimzika nyuma ya migomba. Bibi akanawa mikono, akachukua ndoo, akaelekea mfongoni kuchota maji yake ya kunywa. Nikamshika kanga.

"Bibi, usichote. Bomba la dawa nililisuuza humo. Mimi."

"Maji yanatembea, mjukuu wangu."

"Yalitembea yakafika kwako."

Akaiweka ndoo chini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Sasa mimi nitakunywa nini?"

Wiki iliyofuata baba alipotua bomba, sikumwambia mtu. Nilichukua jembe, nikachimba shimo mbali na mfongo, nikasuuzia humo, nikafukia. Kisha nikaoga, nikabeba ndoo ya bibi, kama kila siku tangu tulipomzika ndama, nikapanda hadi kwenye chemchemi iliyo juu ya mashamba yote. Niliijaza, nikaweka jani la mgomba juu yake lisimwagike hata tone, nikateremka polepole.