Nyayo za Watu Wawili Nyuma ya Zizi

Mama yangu alitakiwa kuhama kijiji kabla jua halijazama.

Kosa lake? Alionekana alfajiri nyuma ya zizi la jirani yetu Gerson, anazunguka na mawe mikononi, mdomo mweupe pe kwa unga.

Wakuu, mimi hutania hata msibani. Siku ile utani uliniisha.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, nauza mitumba Majengo, Dodoma mjini. Dereva wa lori la mahindi akaniita, "Silvano, wahi kwenu Chemba. Bi Emilia anafukuzwa kwa uchawi."

Nikakuta mkutano umepamba moto uani kwa mama, mwenyewe kakaa chini.

"Shikamoo mama. Ulikuwa unafanya nini kule?"

"Marahaba. Mazoezi."

Watu wakaangua kicheko. "Bibi, umesajiliwa timu gani?"

Mama akaeleza. Kila masika kifua kinambana, homa haimwachi. Sista Ritha wa zahanati akamwambia mwili wa mzee hupata nguvu ya kupigana na maradhi ukila vizuri na ukitembea. Akampa na vidonge vya kuongezea lishe, vikubwa kama vifungo vya koti. Havimezeki, kwa hiyo anavisaga na kulamba.

Mawe ni ya kutia mikono nguvu.

"Na kwa nini alfajiri?" mwenyekiti wa kijiji akauliza.

"Mchana mngenicheka."

Nikashusha pumzi, nikajua yameisha.

Gerson akasimama. "Mbuzi wangu wamekufa! Na nyayo nimeziona mwenyewe, za watu wawili. Mwenzako nani?"

Nikamgeukia mama.

"Mama, mtaje!"

"Niliahidi simtaji."

"Watakufukuza!"

"Basi nifungie mzigo."

Nikampigia magoti Gerson, mtu niliyecheza naye gololi. "Kaka, ana kifua huyu. Akilala porini atakufa."

"Ungemwambia kabla hajanilia mbuzi."

Vijana wakaanza kutupa vyombo vya mama nje. Nikalia mbele ya watu, kamasi na machozi, sina mbele wala nyuma.

Ndipo umati ukapisha njia.

Bibi Paskazia, mama mzazi wa Gerson. Tangu mavuno tuliambiwa hata kukaa hawezi. Huyo anakuja, kwa miguu yake.

"Mwenzake ni mimi."

Gerson akatoa macho. "Mama! Nani kakutoa kitandani?"

"Emilia. Kila alfajiri, wewe ukikoroma. Nikitaka kunyoosha miguu unasema pumzika mama, watu watasema nakutesa. Umenipumzisha mpaka mgongo ukaota vidonda, mwanangu. Mbuzi wako wameuawa na kupe. Mimi ningeuawa na godoro."

Gerson aliokota sufuria ya mama, akairudisha ndani mwenyewe, kichwa chini.

Wadau, mama hakugeuka kijana. Masika ilipokuja alikohoa kama kawaida, ila aliinuka, na hakuinuka peke yake.

Kabla hujamwita bibi wa jirani mchawi, muulize kwanza anaumwa nini.