Mikono ya Tata Mukendi

Nakumbuka wote waliokuwa sebuleni siku ile, mwanangu, na nitawataja, usije ukadhani nasimulia jambo la kusikia. Alikuwapo Mama Kapinga, mjane, ameketi kwenye kiti kifupi karibu na dirisha. Alikuwapo Kalala, mwanawe wa kwanza, karani, mtu wa shati lililonyooshwa kwa pasi. Alikuwapo Tata Muamba, mzee aliyefanya kazi na marehemu katika kiwanda kimoja tangu ujana wao. Nami nilikuwapo, nimesimama katikati ya nyumba ile ya mtaa wa Dilala nikiwa nimebeba picha kubwa iliyotiwa ndani ya kadre ya mbao, imefungwa kwa kitenge. Mwenye picha, Tata Mukendi, alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Kesho yake familia ingeondoa matanga, na picha ile ndiyo ingewekwa mbele ya watu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Vijana wanaokuja kwangu leo, wanaotaka upigaji picha uwe kazi yao ya maisha, huniuliza kwanza natumia kamera gani. Kuuliza si ujinga. Lakini mimi huwajibu kwa habari ya siku ile, maana ndiyo iliyonifundisha kazi. Kamera nilikuwa nayo tayari.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mama miezi saba baada ya baba. Mkubwa ni mimi. Niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari, na nyuma yangu walikuwapo watatu. Nikapata kazi ya kufagia katika studio moja ya mtaa wa Manika. Nikafagia, nikajifunza kukata picha za vitambulisho, kisha kompyuta, na mwishowe nikapanga chumba changu mwenyewe karibu na soko, chenye pazia la bluu na kiti kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Wadogo zangu walisoma.

Kilichonipa jina ni montaji. Mtu huleta picha ndogo ya kitambulisho, kichwa tu, nami ndani ya kompyuta namvisha mwili. Nilikuwa na miili minne ya suti, niliyopewa na mwenye studio ya kwanza, ambaye naye hakujua ilikotoka. Nakuambia kweli, kuna wakati nusu ya mababu wa Manika walivaa tai moja ukutani, na hakuna aliyeona neno. Aliyependwa kuliko wote ni yule wa suti ya kijivu, aliyeweka mikono juu ya magoti, mkono wa kushoto una saa ya dhahabu.

Kalala alipokuja aliniletea kadi ya kazi ya baba yake. Ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo. Alisema baba yake alivaa ovaroli maisha yake yote, sasa walau avae suti. Nilimwuliza swali moja tu: suti ya rangi gani? Akasema kijivu. Akaniahidi kwamba picha ikiwapendeza watu wa parokia, angenisemea nipige ndoa zao zote za mwaka ule. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya mkata vitambulisho na mpiga picha.

Basi nikafungua kitenge. Kalala alifurahi hata akapiga makofi. Tata Muamba akacheka, akaiambia picha, "Ee, Mukendi, ulikufa fundi, umerudi ministre."

Mama Kapinga aliinuka, akaja karibu, akagusa kioo penye shavu. Alitabasamu, nami nikaanza kuhesabu ndoa zangu. Kisha kidole chake kikashuka: kwenye tai, kwenye vifungo, kwenye magoti, kikasimama pale. Naye akaanza kuhesabu, polepole, vidole vya yule mtu wa picha. Akafika kumi.

"Kichwa ni ya bwana yangu," akasema. "Hii mikono ni ya nani?"

Kalala akamweleza kuwa ni montaji tu, kila familia inafanya hivyo, na baba amependeza. Mama yake hakugeuka.

"Siulizi kama amependeza. Mi nauliza huyu mutoto: ni ya nani?"

"Sijui, Mama," nikasema. Nimesema uongo mdogo mdogo mwingi maishani mwangu, mwanangu, lakini hakuna uliowahi kunichoma kama ukweli ule.

Tata Muamba alikuwa ameacha kucheka. Ndiye aliyenieleza, huku akitazama sakafu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Mukendi vilibaki kwenye mkanda wa mashine kiwandani, wakati Kalala hajaanza shule. Wiki tatu baadaye alirudi kazini mkono ukiwa bado umefungwa bendeji, akafanya kazi mpaka mvi zikamwota. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mukendi, alisema mzee, aliwatania kwamba vitatu vinavunja ukoo mzima wa chawa.

Mama Kapinga alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniambia, "Mutoto, ile mikono ndiyo ilitulisha. Na bile bidole bitatu alikuwa anafunga Kalala viatu kila asubui. Umemuvalisha muzuri. Lakini umemupa mikono ya mutu mwenye hajatumika kazi hata siku moja."

Nikaona njia ya kujiokoa. Nikasema naweza kuipiga picha mikono ya Kalala, vidole viwili vikiwa vimekunjwa, na kesho asubuhi kila kitu kitakuwa tayari. Nilijiona mwerevu kweli. Hapo ndipo Mama Kapinga aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Utamudanganya mara mbili?"

Hakunifukuza. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kwenye kadre kuanzia kifuani kwenda chini, ukabaki uso peke yake. Kisha akaniwekea ugali wa bukari na samaki, akaniamuru nile, maana kwake mtu hakemewi akaenda zake na njaa. Nilipokuwa nikinawa alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mikono yake utaniletea. Sisemi lini."

Kesho yake picha ilisimama mbele ya watu ikiwa imefunikwa nusu. Kila aliyeingia aliuliza, na kila aliyeuliza aliambiwa. Ndoa za parokia zikaenda kwa mwingine.

Lakini lililonivunja halikuwa hilo. Niliporudi nyumbani kutoka kwenye matanga nilimkuta Deo, kitindamimba wetu, akifanya kazi za shule chini ya picha ya baba. Picha ile niliitengeneza mimi, kuwafurahisha wadogo zangu. Baba yetu, naye, alivaa suti ya kijivu. Deo alikuwa bado ananyonya baba alipofariki. Hakumjua ila pale ukutani. Na kwa mwaka mzima Deo alikuwa hataki kumsalimu baba mdogo, nami nikidhani ni ukaidi wa kitoto, nikamchapa hata mara mbili. Siku ile nilikaa chini karibu naye, nikamwuliza anaona nini katika picha ile.

"Saa," akasema. "Saa ya tata yenye baba mudogo aliiba."

Baba mdogo, mwanangu, ndiye aliyetuletea unga kila mwezi tangu wazazi walipoondoka, na mwenyewe hakuwa nao wa ziada. Baba hakuwahi kuvaa saa; Deo aliiona ukutani, akaikosa nyumbani, na mwanamume aliyeingia kwetu alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nimempa marehemu mali, na mali hiyo ikamfanya mwizi mtu aliye hai. Nilimshika Deo mkono tukaenda hadi kwa baba mdogo, nikayasema yote mbele yake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yale machozi yakaendelea bila kicheko. Si kila king'aacho ni dhahabu, na sisi wa nchi ya shaba tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua.

Ile miili minne niliifuta. Wateja wakaenda kwa jirani, na kwa miezi kadhaa chungu chetu kilikuwa chepesi. Aliyekuja wa kwanza ni Tata Muamba. Alikaa kwenye kile kiti changu kimoja, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti, yenye alama za kuungua za miaka mingi, akasema, "Anza na hii. Sura yangu batu banaijua." Akawaleta wenzake. Nikaanza kwenda mwenyewe kwa watu, penye kazi zao: kwa mama anayetwanga majani ya sombe, kwa fundi wa pikipiki za taksi-moto, kwa mwalimu mwenye chaki hadi kwenye viwiko. Mwenda pole hajikwai. Leo naitwa hata na ofisi kubwa, na wadogo zangu wote wana kazi na nyumba.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kamera utaipata; ukikosa mpya utapata kuukuu. Ila kabla hujabonyeza, mwulize mtu, au mwulize anayempenda, ni kitu gani cha kwake kisichopaswa kukosekana. Kisha nyamaza usikie. Anza na watu wa nyumbani kwako, wangali hai, wangali wanalalamika kwamba hawajachana nywele. Na kitu usichokijua ni cha nani, usimvishe mtu, hata kikimpendeza, hata mteja akikusihi. Anayetazama picha baada yetu hatakuwa na wa kumwuliza.

Deni langu bado liko. Kabla hajafariki, Tata Muamba alikumbuka picha moja. Msimamizi wao alikuwa anastaafu, karakana nzima ikasimama nje kupigwa picha, na Mukendi akainua gilasi kwa mkono wa kushoto, kwa makusudi, kwa utani wake. Msimamizi aliondoka na picha hiyo kwenda mji wa Likasi, na watoto wake wametawanyika. Nimekwenda Likasi mara nne. Nimefunguliwa masanduku na mikebe ya watu nisiowajua, nimetazama harusi na ubatizo wa familia za watu. Sijaipata.

Mungu akupe macho, mwanangu, na akupe kwanza ulimi wa kuuliza. Akutunzie mikono yako yote miwili, na wanaoitegemea wasilale njaa. Na kazi ikikufikisha Likasi, waulize wazee. Ukimwona mtu mwenye gilasi na vidole vitatu, usiisafishe picha, usiinyooshe. Niletee kama ilivyo.

Mama Kapinga amezeeka sana sasa. Kitambaa kimepauka, hukifua, akakifunga tena. Hajawahi kuniuliza. Ila nikiingia kwake hutazama kwanza mfuko wangu, kisha uso wangu, halafu hunisogezea kiti.