Maji ya Futari Katika Friji la Dawa

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, wala usidhani nilikuwa na harusi mbaya. Ilikuwa Ramadhani, na Ramadhani ya miaka ile iliangukia kwenye joto linalotangulia masika, wakati hata kuku wanatembea midomo wazi. Nilikuwa kijana, nalima ufuta na kuhudumia mikorosho ya baba kijijini kwetu, mbele kidogo ya Miteja. Mke wangu Somoe alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia.

Kijiji kizima kilikuwa na friji moja tu, la zahanati. Lilikuwa la mafuta ya taa, lenye utambi unaowaka chini yake, na sisi hatukuacha kushangaa jinsi moto unavyoweza kuleta baridi. Ndani yake zilikaa chanjo za watoto, pamoja na sindano wanayochomwa kina mama damu isipokoma baada ya kujifungua. Mwenye ufunguo alikuwa nesi wetu, Veronika, Mmakonde wa pande za Newala na Mkristo, mpole mno. Mchana wa Ramadhani alikuwa akijifungia ndani kunywa chai yake ili asitukwaze.

Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza sote. Mwanzoni mwa mfungo mzee mmoja alimpelekea chupa ya maji, akamwomba amuwekee yapoe mpaka magharibi. Veronika hakuona njia ya kumkatalia mtu aliyefunga, tena mzee, na yeye mwenyewe ni mgeni mwenye dini nyingine. Ungekuwa wewe ungesemaje? Kesho yake zikaja chupa nyingine. Haukupita muda kila nyumba ikawa na dumu lake mle, na majagi ya maji ya ukwaju juu yake, na kuanzia adhuhuri mlango ule ulikuwa unafunguliwa na kufungwa kama mlango wa duka. Maji yanaingia na joto lake la kisimani, friji linahangaika kuyapoza, na kabla halijamaliza mlango unafunguliwa tena.

Maji ya nyumbani kwetu alikuwa akiyapeleka Somoe. Hakufunga kwa sababu ya hali yake, akawa anaona raha kunihudumia mimi niliyefunga. Namwona hadi leo anashuka na kidumu cha njano, mkono mmoja kiunoni, anasimama kupumzika, anaendelea.

Dalili tuliziona, mwanangu. Mwezi ulipokuwa unaelekea ukingoni, maji yalianza kutoka vuguvugu. Sisi tukafanya utani. Tunamwambia, "Nesi, au friji lako nalo limefunga?" Naye anacheka kwa aibu, anasema utambi unatoa moshi, mafuta yaliyoletwa ni machafu. Kipimajoto kilikuwa kinaning'inia ndani, lakini majagi yetu yalikuwa yamekiziba. Hakuna aliyejiuliza, kama maji hayapoi, dawa je?

Somoe alishikwa na uchungu asubuhi. Alasiri akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa, na mimi niliyekuwa barazani pa zahanati nikamshukuru Mungu. Kumbe ndani damu haikomi. Veronika alimchoma sindano ile, akamchoma nyingine, akamkanda tumbo, akatuma watu wakatafute gari barabarani. Gari halikupatikana. Barabara yetu wakati ule haikuwa hii mnayoiona. Na wakati huohuo watu walikuwa wanakuja mmoja mmoja barazani, maana saa ya kuchukua maji ya futari ilikuwa imekaribia. Walinisalimia, wakasikia kinachoendelea, wakabaki wamesimama na mitandio yao na kofia zao, hawajui waondoke au wasubiri. Somoe alifariki kabla ya adhana ya magharibi. Sikumbuki nilifuturu nini, wala kama nilifuturu.

Nilimpenda mke wangu. Nalisema wazi kwa sababu ninyi vijana mnadhani sisi tuliozeshwa tu, basi, tukakaa.

Matangani maneno yalianza chinichini. Wanaume tumekaa kwenye majamvi, mmoja anasema nesi hajui kazi, mwingine anasema dawa nzuri ameziuza akabakiza maji. Mimi nilinyamaza, na ukweli ni kwamba nilitaka kuamini, kwa kuwa nilikuwa na hasira na sijui niitue wapi. Ndipo akatoka ndani Bi Mwanaidi, shangazi yake Somoe, aliyemlea tangu mdogo. Haikuwa desturi mwanamke kuja kusema mbele ya jamvi la wanaume. Vijana tukamwamkia shikamoo, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima asiyeitikia.

"Mnamsema Veronika," alisema. "Haya. Nani hapa hakunywa maji ya lile friji?"

Alitupitia kwa macho mmoja mmoja, kisha akaendelea.

"Shehe ameniambia ni amri ya Mungu, nami nimekubali, mwanangu amekwenda. Lakini Mungu hakuwatuma mle na madumu yenu. Yule mtoto wa watu aliwaonea haya. Angewakatalia, mngesema hawaheshimu waliofunga. Si ndivyo?"

"Ndivyo, shangazi," nilijibu mimi, maana alikuwa ananitazama mimi.

"Basi mwacheni." Akarudi ndani.

Tulimwacha, ila kumwacha kwetu kulikuwa kwa kimya, na kimya kile kilimshinda. Akaomba uhamisho. Siku anayoondoka nilimpelekea korosho na kuku, tukalia. Daktari aliyekuja baadaye kutoka wilayani alisema dawa huenda ilikufa kwa joto, lakini hawezi kuapa, kwani wapo kina mama ambao hata dawa nzima haiwaokoi. Kwa hiyo sijui, mwanangu, na nitaingia kaburini sijui. Binti yetu yupo, anaishi Kitomanga na wanawe, na kila mwaka ananiuliza mama yake alikuwaje.

Sasa ninyi ndio mnaokabidhiwa funguo, za vyumba vya baridi vya dawa na vya samaki, na za mafriji ya umeme wa jua. Mashine zenu ni bora kuliko lile letu la utambi, lakini na joto nalo limepanda. Mashine iliyokuwa inapata nafasi ya kupumzika usiku, siku hizi inakesha kazini. Uzembe mdogo ambao zamani ungesameheka, leo hausameheki. Kagua mpira wa mlango, ukilegea usisubiri upasuke. Usiibane mashine na ukuta, futa vumbi mgongoni mwake, iwekee kivuli, na barafu ikiota nene iyeyushe. Soma kipimajoto kila siku, na kikikuambia jambo baya lisemwe siku hiyohiyo, hata kama litakuaibisha. Ujue mapema dawa zitakimbizwa wapi umeme ukikatika.

Hayo ya mashine utafundishwa. Kubwa ninalokuusia ni kukataa. Mzee akija na chupa yake, mwamkie, mpe kiti, umsikilize, kisha umkatalie. Atanuna. Sisi kila nyumba ilikuwa na mtungi, na maji ya mtungi yanatosha kabisa kukata kiu ya mfungo. Tungenuna siku moja, yakaisha. Anayekuomba ufungue mlango unamwona usoni, ndiyo maana inakuwa vigumu. Yule atakayeihitaji dawa hajafika bado, hujui ni nani, na pengine ndiye huyohuyo aliyesimama mbele yako.

Mungu akupe ulimi laini na moyo usioyumba. Akukinge na lawama za watu, na zikikupata akupe wa kukutetea kwa sauti. Na wale utakaowalindia dawa zao, waende makwao na watoto wao mikononi, wasijue hata jina lako. Amina.