Niliita asali ya wifi yangu sukari, sasa maneno yangu yananirudia

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mpanda ni ndogo na wifi yangu anafuatilia ukurasa huu kila siku, hata sasa hivi najua anasoma. Mwache asome.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, nauza asali mtandaoni. Asali yenyewe inatoka kwa baba mkwe, ana mizinga yake porini huko Kabungu. Nilianza mimi, na naomba mlielewe hilo kwanza. Wifi alikuwa bado anauza vitenge wakati mimi napanda pikipiki kwenda kupiga picha mizinga. Nilikuwa napost kila siku, kila picha naandika "asali ya Katavi", yaani ya mkoa wetu, naomba watu washee na watoe maoni. Dada anayenichapishia lebo ndiye aliyenifundisha. Aliniambia watu wakikuzungumzia sana kwenye kurasa, blogu nazo zikakuandika, basi mtu wa mbali akitafuta Google asali ya Katavi jina lako linakuja juu. Na lilikuja. Nikapata wateja wa Mwanza, Dodoma na Iringa ambao sijawahi kuwaona kwa macho.

Wifi, ambaye ni dada mkubwa wa mume wangu, akaja nyumbani amepoa kabisa, akaomba nimfundishe. Nikamfundisha, mjinga mimi. Akaenda kumrekodi baba yake anafukiza moshi kwenye mzinga huku anacheka na pengo lake, watu wakashea mpaka basi. Baada ya miezi michache ukitafuta asali ya Katavi anatokea yeye wa kwanza, mimi nimesukumwa huko chini ambako hakuna anayefika. Hilo ningelivumilia. Lakini kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji, mbele ya wageni wote, akanishika bega akasema, "Huyu ni mke wa mdogo wangu, ananisaidia kuuza asali yangu." Watu wakanipigia makofi. Sikumsamehe siku ile na leo bado sijamsamehe.

Wiki ileile nikaona kwa jirani chupa ya asali ya wifi imeganda, nyeupe, kijiko kinasimama. Ilikuwa miezi ya baridi. Nikaipiga picha, nikaandika kwenye ukurasa wangu: "Hii ndiyo asali mnayouziwa. Sukari tupu. Asali halisi haigandi." Nikaweka jina la biashara yake, na "asali ya Katavi" nikaiandika vilevile kama nilivyozoea.

Ngoja niseme ukweli, maana ndiyo sababu nimeomba kufichwa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya warina asali. Najua asali safi inaganda baridi ikiingia, na ukiiweka kwenye maji ya moto inarudi. Nilijua hivyo wakati naandika. Na asali ile ilitoka kwenye mizinga ileile inayotoka ya kwangu.

Nyie mlishea. Wifi akajibu kwa hasira, nikamjibu, mashabiki wake na wangu wakavaana siku kadhaa, blogu zikachukua ile picha. Nilikuwa nasoma maoni nacheka peke yangu jikoni. Kumbe kila tukitukanana tunaipandisha. Leo mtu akitafuta asali ya Katavi, kabla hajaona hata nyuki mmoja anakutana na chupa ile na maneno yangu.

Mwezi uliopita mteja wangu wa Iringa, mama mwenye duka, akanitumia picha. Chupa zangu, lebo yangu, asali imeganda. Chini yake akaweka ile posti yangu, akaandika, "Dada, wewe mwenyewe umetufundisha asali halisi haigandi. Naomba usinitumie tena." Nikisema inaganda, nimejiita mwongo. Nikinyamaza, mimi ndiye muuza sukari. Wateja wa wifi walishakimbia, sasa na wangu wanaondoka, na ndoo za baba mkwe za msimu huu zimejaa stoo, hakuna anayezitaka.

Nikaifuta ile posti. Dada wa lebo akaniambia, "Umefuta yako. Za walioshea je? Hiyo hufuti tena, unaishusha tu. Andika ukweli palepale kwa jina lako, mtaje na wifi yako, watu waushee kama walivyoshea uongo. Halafu mpostiane nyie wawili kila siku mpaka ile ya zamani ishuke." Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema, "Ipo ya kusubiri. Utasubiri bila wateja."

Baba mkwe alikuja Mpanda wiki iliyopita. Hakuongea na mimi, aliongea na mume wangu, mimi nikiwa mlangoni na chai. Akasema, "Nimerina asali toka kijana, hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Mke wako hajamtukana dada yako. Amenitukana mimi." Akaondoka bila kuigusa ile chai.

Mume wangu anasema nikubali yaishe. Wifi naye ametuma sharti lake: niende live kwenye ukurasa wake, nionje asali yake watu wakiniona, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya. Namfahamu, atakaa pembeni yangu anatabasamu, atanishika tena bega.

Msiniambie kwamba ukweli nimeshausema hapa. Hapa mimi sina jina, wifi hana jina na asali ya mzee haina jina. Yule mama wa Iringa akitafuta hatakutana na ukweli huu, atakutana na ule uongo wangu. Kwa hiyo semeni nyie mlioshea: niende nikaonje asali ya yule mwanamke mbele ya nchi nzima, au niache ndoo za mzee zigandie stoo? Nishaurini, maana kwa jina langu mkono unagoma kuandika.